Walinikataza Kumlilia Mume Wangu

Nina umri wa miaka thelathini na sita, ni mama wa watoto wawili, na ninaishi hapa Goma, upande wa kwenda Munigi, kwenye nyumba ya mbao iliyosimama juu ya mawe meusi ya volkano. Kazi yangu ni kuuza maharagwe sokoni. Nawaandikia mkasa huu, wasomaji wenzangu, nikiwa sijui kama mimi bado ni Mkristo au la... Zamani mtu akiniambia maneno kama hayo ningemshika mkono nikampeleka kwenye maombi. Leo mwenye maneno hayo ni mimi mwenyewe, na sitaki kushikwa mkono na mtu.

Mume wangu aliitwa Kambale. Sote wawili tulitoka familia za Butembo, Wakatoliki tangu babu zetu, na tulifunga ndoa kanisani. Yeye alipanda barabara ya Rutshuru mpaka Kiwanja, akanunua maharagwe kwa wakulima, akayateremsha Goma kwa lori. Yeye ananunua, mimi nauza. Hatukuwa matajiri, ila watoto wetu Joël na Masika walikula na walisoma.

Sitampamba kwa kuwa amekufa. Kambale hakuwa mtu wa maombi. Jumapili alikuja misa kwa ajili yangu tu, anakaa karibu na mlango, na padri akianza mahubiri yeye anaanza usingizi. Hata kupiga magoti hakupiga. Alisema magoti yake yameharibiwa na magunia, na kwamba Mungu aliyaona magunia hayo. Nikimgombeza ananijibu kwa upole wake ule uliokuwa ukiniudhi: "Mama Joël, weye unaombaka ya sisi wawili. Inatosha."

Na kweli niliomba ya wawili. Pamoja na misa, nilikuwa katika kikundi cha maombi cha mtaa wetu, kile ambacho kwetu tunakiita chambre. Tulikutana kwa Mama Neema, jirani yangu anayekaa karibu na bomba la maji. Mama Neema ndiye aliyekuwa akituongoza. Alikuwa pia rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Ndiye aliyenishika mgongo nilipokuwa nazaa Masika, na ndiye mama yake wa ubatizo. Kama mngeniuliza wakati ule ni nani anayemjua Mungu vizuri katika mji huu mzima, nisingetaja askofu. Ningemtaja Mama Neema.

Basi mvua zilipoanza, Kambale alipanda Kiwanja kama kawaida. Alinipigia simu akasema kesho wanapakia, nimwambie mama yake asimalize sombe yote, ile mboga yake ya majani ya muhogo. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kutoka kinywani mwake. Sombe!

Kesho yake vita vilianza barabarani. Lori halikufika. Simu yake haikuita tena. Watu waliteremka kwa wingi wakipita Munigi, magodoro kichwani, mbuzi kwa kamba, na mimi nilisimama kando ya barabara nikitazama kila uso wa mwanamume. Nilifanya hivyo kila siku mpaka watu walipoacha kuteremka.

Mama mkwe wangu alikuwa anakaa kwetu. Hakuwa msemaji. Siku moja alinikuta jikoni, akakaa juu ya kigoda, akaniambia, "Mutoto wangu alisha kufa. Mi nilimuzaa, niko nasikia. Tumulilie."

Kwetu mtu akifa tunaweka kilio. Vitu vinatolewa sebuleni, magodoro yanatandikwa chini, moto unawashwa uani, ndugu na majirani wanakuja kukaa na kuimba, na wenye msiba wanalia mpaka sauti inakauka. Hata kama mwili haupo, kilio kinawekwa. Vita vimetufundisha hivyo, maana wengi hapa hawajawahi kuona maiti za watu wao.

Moyo wangu ulikuwa tayari kukubali. Nilishaanza kuhesabu magodoro ya kuazima kwa majirani. Ila nilisema, ngoja kwanza nipite kwenye maombi Jumapili, nirudi nikiwa na nguvu.

Jumapili hiyo chumba cha Mama Neema kilijaa mpaka mlangoni. Tuliomba sana. Halafu Mama Neema alinyamaza, akafumba macho, akaanza kutetemeka. Akasema kwa sauti ya juu, "Niko namuona! Papa Joël iko muzima. Iko mu pori, iko amepiga magoti, iko naomba. Mama Joël, usilie tena. Mwenye kulia mutu muzima anamufungia njia ya kurudia."

Chumba kizima kililipuka kwa shangwe. Wengine walilia, wengine walicheza. Na mimi, wasomaji wenzangu, nilisikia joto likipanda kutoka tumboni mpaka kifuani, joto tamu, kama mtu amenifunika blanketi. Niliijua ile hali. Ndiyo niliyokuwa nikiisikia tangu usichana wangu kila nilipoomba kwa moyo wote. Nilisema, huyu ni Mungu mwenyewe amenijibu.

Kambale kupiga magoti! Kama ningekuwa na akili zangu siku ile ningecheka. Lakini nani anataka akili wakati anapewa mume wake?

Tangu siku hiyo nilianza kuishi kwa imani. Mama Neema alinifundisha kwamba imani bila matendo haifiki, kwa hiyo nifanye kila kitu kama mtu ambaye mume wake yuko njiani. Jioni nilimpakulia chakula chake, na asubuhi watoto wakakila kikiwa baridi. Kila Jumamosi nilifua mashati yake, ambayo hakuna aliyeyavaa, nikayapiga pasi ya makaa, nikayatundika. Sokoni wanawake wenzangu wakiniuliza habari zake, nawajibu, "Iko anakuja." Mwanzoni walisema amina. Baadaye wakaacha kuniuliza.

Nilitoa hata ushuhuda. Nilisimama mbele ya watu wote, nikamshukuru Mungu kwa kumlinda mume wangu, wakapiga makofi. Watu walianza kuniita mwanamke wa imani, na sitawaficha, nililipenda jina hilo.

Mama mkwe wangu hakupiga makofi. Siku moja nilirudi kutoka sokoni nikamkuta nyuma ya nyumba, amelala kwenye mkeka, kitambaa kichwani, anaimba kwa sauti ndogo nyimbo za kilio za kwao. Nilichemka. Nilimwambia anamfungia mtoto wake mwenyewe njia, kwamba analeta kifo kwenye nyumba yangu. Akaniomba, kwa heshima, yeye mama mzima akiniomba mimi, nimruhusu alie kidogo tu, hata kama ni nje, hata kama ni bila watu. Nikakataa.

Alifunga nguo zake kwenye kitenge, akaenda kukaa kwa binti yake kule Ndosho, upande mwingine wa mji. Nilisikia baadaye kwamba huko waliweka kilio cha Kambale, kidogo, cha ndani. Sikwenda. Watoto nao nikawazuia wasikanyage huko.

Mnafikiri basi nilikuwa na amani? Machozi yalikuja yenyewe, popote, hata nikiwa napima maharagwe. Nilikuwa nauma kitenge changu ili yasitoke. Kisha naomba msamaha kwa kuwa yalikuja. Nililia, halafu nikatubu kwa kulia, halafu nikalia kwa kuwa nimetubu bila kumaanisha... Nilikonda mpaka nguo zikawa zinanikataa.

Nilikwenda kuungama. Nilimwambia padri dhambi yangu ni machozi. Akasema kulia si dhambi, na kama nataka atamsomea Kambale misa ya marehemu. Misa ya marehemu kwa mtu aliye hai! Niliinuka pale pale bila kungoja baraka. Nyumbani kwa Mama Neema nilimsema yule padri vibaya sana, kwamba amesoma vitabu vingi ila hana imani hata ya kijiko kimoja. Mama Neema alinyamaza. Nilidhani ananyamaza kwa unyenyekevu.

Wakati huo wote nilijiuliza swali moja tu, na nilijiuliza kwa siri. Kama Mungu amemwona Kambale porini, na akamwonyesha Mama Neema, kwa nini hamrudishi? Anangoja nini? Nilipolitamka swali hilo kwenye chambre, waliniwekea mikono kichwani wakakemea roho ya mashaka. Kwa hiyo nikajua kwamba kizuizi ni mimi. Mume wangu harudi kwa sababu ya moyo wangu mimi. Mzigo huo nisingemtakia hata adui yangu.

Mwaka ulipita, na zaidi. Barabara ikafunguka, na maharagwe ya kununua kwa mkono wa pili yalikuwa yanatumaliza. Nikaamua kupanda Kiwanja mwenyewe, na nilikuwa na furaha ya kijinga moyoni. Nilisema labda Mungu ananiita nikamkute huko. Nilibeba hata shati lake moja kwenye mfuko.

Kiwanja nilikwenda moja kwa moja kwenye depo ya Mama Riziki, mama wa huko huko Rutshuru ambaye Kambale alikuwa akihifadhi kwake magunia. Tulikuwa tumeonana mara chache Goma. Aliponiona aliacha kazi yake, akanishika mikono miwili.

"Mama Joël. Pole, pole sana. Tulikungojaka. Tukasema labda ni barabara."

Nilimuuliza, "Pole ya nini?"

"Ya Papa Joël."

Aliendelea kusema kwa upole, akidhani najua. Kwamba risasi ilimpata akiwa juu ya lori, anafunga turubai. Kwamba hakuteseka. Kwamba wapakiaji walimbeba, na akina mama wa depo walimwosha, na walimzika siku ile ile kwa sababu ya vita.

Nilimwambia, "Mama, hapana. Bwana yangu iko muzima."

Aliniachia mikono. "Kwani Bahati hakufika kwako?"

"Bahati gani?"

"Ule motari. Simu zilikuwa zimekatika, kisha kuzika tulimutuma na pikipiki akupelekee habari, alipitia njia ya porini. Alirudia kisha wiki mbili, akasema hakukukuta ku nyumba. Aliachia habari jirani yako, mama wa maombi, ule mwenye kukaa karibu na bomba ya maji. Ule mama akamuambia, enda tu, nitamuambia mi mwenyewe."

Wasomaji wenzangu, kuna maneno yanaingia sikioni lakini hayafiki. Nilisimama pale nikiangalia mdomo wa Mama Riziki ukicheza. Kisha nikasema nipelekwe kaburini, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza choo kiko wapi.

Lilikuwa nyuma ya migomba ya mtu, limezungushiwa mawe, limepaliwa. Mama Riziki alikuwa akilipalia mwenyewe. Nilijaribu kulia. Sikuweza. Mwili wangu ulikuwa umeshazoea kukatazwa... Nilikaa kwenye udongo, mikono mapajani, na hakuna kilichotoka. Mume wangu alikuwa chini ya mawe yale tangu siku ya kwanza, na mimi nilikuwa nikimpakulia chakula!

Niliporudi Goma sikupita hata nyumbani. Nilikwenda kwa Mama Neema nikamkuta anachambua mchele. Nilimwambia tu, "Nimetoka Kiwanja." Ungo ulimteleza.

Hakukana. Hilo nampa haki yake. Alikaa chini na kuniambia kwamba Bahati alifika baada ya ile Jumapili ya maono. "Batu bote balikuwa balisha sikia. Nikasema ni shetani iko natujaribu. Nikaomba, nikaomba."

"Na kisha?"

"Kisha nilijua." Alianza kulia. "Lakini ulikuwa unakula, Mama Joël. Ulikuwa unainuka asubuhi. Nikasema nikimuambia sasa, atakufa. Na chambre yote itasambaa. Nikangoja Mungu anipe njia."

"Alikupa?"

Aliinama kuokota mchele uliomwagika. Nilitoka. Mpaka leo sijui kama ile Jumapili aliona kitu kweli au alijitungia kwa huruma. Nadhani hata yeye hajui.

Mtasema basi mwenye kosa ni Mama Neema, Mungu ameingiaje hapo? Na mimi nilijaribu kusema hivyo. Kumchukia Mama Neema ilikuwa kazi nyepesi, niliifanya vizuri sana kwa muda mrefu. Lakini kuna kitu kilinikaa kooni ambacho hakikumhusu yeye.

Lile joto. Lile joto la kifuani halikutoka kwa Mama Neema, lilikuwa langu. Nililisikia siku ile wakati Kambale ameshazikwa. Na ni joto lile lile nililolisikia Joël alipougua nikiwa namwombea akapona. Ni lile lile lililoniambia niolewe na Kambale. Ni lile lile la komunyo yangu ya kwanza. Kama siku ile halikuwa Mungu, basi siku zile nyingine lilikuwa nani? Je, maisha yangu yote nilikuwa naongea na kifua changu mwenyewe? Nani atanijibu swali hilo? Nimewauliza wengi. Wananipa mistari ya Biblia, na mimi naijua mistari hiyo kuliko wao.

Niliacha kuomba. Sikuamua, niliacha tu. Nilikuwa nakaa kitandani asubuhi, najaribu kufanya ishara ya msalaba, mkono unafika kwenye paji la uso unarudi mapajani. Nilijisikia yatima. Kumpoteza mume ni kitu kimoja. Kumpoteza na yule ambaye ungemlalamikia ni kitu kingine... Upweke ule sina maneno yake.

Mwishoni nilikwenda Ndosho. Niliona haya mpaka nikapita mbele ya nyumba ile mara kadhaa kabla ya kubisha. Mama mkwe wangu alikuwa uani anaanika sombe. Nilipiga magoti mbele yake, nikamwambia yote, Kiwanja, kaburi, Bahati, Mama Neema. Nilimwomba anisamehe kwa kumkataza kumlilia mtoto wake.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniinua akasema, "Mi nilisha mulia mutoto wangu. Nilimaliza. Nilikuwa nakungoja weye."

Hapo ndipo nililia. Uani kwa watu, mchana kweupe, mbele ya majirani wasionijua, nililia kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Na yule mama mzee, ambaye nilimfukuza kwangu kwa sababu ya kulia, alinishika kichwa changu na hakusema nyamaza hata kidogo.

Tuliweka kilio kwangu. Magodoro yalitandikwa, moto uliwashwa, watu wa Butembo walijaa, na wanawake wa sokoni walileta sufuria. Joël na Masika walimlilia baba yao wakiwa wamechelewa, na Joël aliniuliza kwa nini nilikuwa nawapa chakula cha baba asubuhi. Nilimweleza ukweli. Hakuniangalia usoni kwa siku nyingi.

Mama Neema naye alikuja. Alisimama kwenye kiingilio na bidoni yake ya maji, hakuthubutu kuingia. Watu walinitazama mimi. Mama mkwe wangu ndiye aliyemwendea, akapokea maji, akamwonyesha pa kukaa. Mimi bado sijamsamehe. Nasema wazi ili msidhani mkasa huu unaisha vizuri.

Padri yule yule alimsomea Kambale misa, na hakunikumbusha siku ile. Bado nakwenda misa, siku nyingine. Nakaa karibu na mlango, pale alipokuwa akikaa Kambale. Wanapofika kwenye maneno ya kuamini, wenzangu wanayasema, mimi nanyamaza. Sinyamazi kwa kiburi. Nangoja nione kama yatarudi yenyewe. Yasiporudi, sitayalazimisha, maana nimeshaishi na imani ya kulazimisha na najua bei yake.

Wasomaji wenzangu, nawaombeni kwa uchungu huu nilio nao. Ukiona mtu amepotelewa na mtu wake, usimwambie Mungu amekuonyesha kitu, hata kama unaamini amekuonyesha. Kaa naye tu. Na wewe uliyepotelewa, asije mtu akakwambia kwamba machozi yako yanafunga njia, au kwamba swali lako ni pepo. Mimi nilimeza machozi ya mwaka mzima nikidhani namfurahisha Mungu, na ndipo nilipompoteza.

Kama yupo, hakuniomba nimfiche kilio changu. Na kama hayupo, basi mume wangu alikuwa na mimi tu wa kumlilia, nami nilimwacha peke yake chini ya mawe ya Kiwanja. Vyovyote ilivyo, nilipaswa kulia. Kwa hiyo, tafadhali, mwacheni mwenzenu alie.